Mwenye macho haambiwi tazama. Asiyeona aambiwe!



Mumezoea kusoma hapa habari za maji, umeme, barabara, polisi na uchaguzi. Leo tunaleta jambo ambalo wengine watalicheka: dansi. Tena si ile ya ku baa wala ya ku harusi. Tunaongea juu ya dansi ya kisasa, ile watu wanaita kontamporeni, inayochezwa mu sale ao mu kiwanja, mara na gitaa, mara bila muziki kabisa. Na tunaongea juu ya raia wasioona, pamoja na wale wanaoona kidogo tu. Mwenye kucheka acheke, lakini asome mpaka mwisho.

Kila mara festivali inapokaribia, kuta za miji yetu zinajaa afishi. Chini ya afishi kumeandikwa: kuingia ni bure, wote munakaribishwa. Sisi tuko na swali moja: wote gani? Yaya asiyeona atajuaje kama afishi iko pale? Akifika ku mlango, nani anamupeleka mpaka ku kiti? Akikaa, nani anamwambia kitu kinachofanyika mbele yake? Saa nzima anasikia miguu ikigonga mbao, pumzi, kimya, kisha watu wanapiga makofi. Na yeye anapiga makofi kwa heshima. Njo ile munaita «wote»? Mtu aliyepita mlango bila kuingia mu mchezo, bado yuko inje.

Hatuombi huruma, tunasoma sheria

Katiba ya 18 Februari 2006, kipengele cha 46, inasema kila Mukongomani ana haki ya utamaduni. Haikuandika «kila Mukongomani mwenye macho mazima». Kipengele cha 49 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kwa njia inayolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya roho. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kipengele cha 30 cha mkataba huo kinataja wazi televisheni, filamu, teatro na kazi zingine za utamaduni: Leta inapashwa kuhakikisha zinawafikia watu wenye ulemavu kwa namna wanayoweza kupokea. Na Katiba yetu yenyewe, mu kipengele cha 215, inaweka mikataba kama hiyo juu ya sheria za kawaida. Kisha, tarehe 3 Mei 2022, ikatoka sheria ya organiki namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu.

Basi karatasi ziko. Tangu 2019 hata waziri wa mambo hayo yuko ndani ya serikali. Kinachokosa ni mtu wa kuzitoa karatasi mu droo na kuzipeleka mpaka ku mlango wa sale.

«Lakini dansi ni ya macho!»

Njo jibu la kwanza tunalopata kila mara. Linatoka mu kinywa cha watu waliosoma, watu wa sanaa, watu wazuri. Tunalijibu.

Tarehe 14 Desemba 2010, ku Abu Dhabi, TP Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil mabao 2 kwa 0 na kuingia finali ya Kombe la Dunia la klabu. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika pale. Sasa tukuelezee furaha ya golikipa Kidiaba: anakaa chini ku majani, miguu imenyooka mbele, mikono mbele, halafu anaruka na matako, tu-tu-tu, anazunguka mahali pake kama chura mwenye furaha. Umemuona? Umemuona, hata kama siku ile hukuwa na televisheni. Ile ilikuwa dansi, na maneno machache yametosha kuileta mbele yako.

Sisi ni inchi ya radio. Baba zetu waliangalia mipira mingi kwa masikio kuliko kwa macho. Mtangazaji anasema mpira uko wapi, nani anakimbia, nani ameanguka, na mutaa muzima unaruka. Hakuna aliyesema: «Mpira ni wa macho, zima radio.» Na mu muziki wetu, atalaku anafanya kazi gani? Anapaza sauti, anataja dansi kwa jina, anaambia kiuno na miguu cha kufanya. Kueleza mwili kwa sauti si kitu cha Wazungu. Ni kitu chetu cha kila siku, ila mu sale ya dansi ya kisasa tunajifanya hatukijui.

Hata lugha yetu inakataa neno hilo la macho. Mu Kiswahili mtu anasema: naona baridi, naona njaa, naona haya, naona uchungu. Ni kwa jicho gani anaona baridi? Na neno ngoma: ngoma ni kile kinachopigwa, na ngoma ni kile kinachochezwa. Wazee hawakuachanisha sikio na mguu. Sisi njo tumeachanisha, siku tulipozima taa za sale, tukaweka mwangaza mmoja ku jukwaa na kusema: sasa angalieni.

Tuchukue mfano wa kwetu. Faustin Linyekula, mtoto wa Ubundu, alianzisha Studios Kabako ku Kinshasa mwaka 2001, na kutoka 2006 kazi hiyo ikahamia Kisangani. Mwaka 2009 alitoa *more more more… future*. Ndani yake kuna wachezaji, kuna gitaa ya Flamme Kapaya, na kuna maneno ya Antoine Vumilia Muhindo, mshairi aliyekuwa amefungwa gerezani. Maneno yale yalipita ukuta wa gereza yakafika ku jukwaa. Kama maneno yaliweza kutoka gerezani mpaka ku jukwaa, yatashindwa namna gani kutoka ku jukwaa mpaka ku kiti cha mstari wa tatu?

Na wasifikiri kama asiyeona ni mtu wa kupokea tu. Alicia Alonso wa Cuba aliugua macho mwaka 1941, akabaki anaona kidogo sana. Mwaka 1943 alicheza *Giselle* ku New York, na akaendelea kucheza ku majukwaa makubwa kwa miaka na miaka, taa za rangi zikimsaidia kujua mahali alipo. Ku Ubelgiji, Wim Vandekeybus alimuweka Saïd Gharbi, mtu asiyeona, ndani ya kazi yake ya 1993. Ku São Paulo, tangu 1995, Fernanda Bianchini anafundisha balei kwa wasioona: mwanafunzi anagusa mwili wa mwalimu, anaelewa mahali goti linapoenda, kisha anafanya. Kama watu hawa wanaweza kucheza dansi, nani atatuambia kama hawawezi kuifuata wakiwa wamekaa?

Inafanyika namna gani

Kazi hii haiko miujiza. Ku Washington, teatro ya Arena Stage ilianza mwaka 1981 kueleza michezo kwa sauti kwa watu wasioona. Ku Ufaransa, chama cha Accès Culture kinafanya kazi ya kufungua teatro, opera na dansi tangu 1993. Mambo yenyewe ni haya.

Kwanza, kugusa. Kabla ya mchezo, watu wasioona wanapanda ku jukwaa. Wanatembea ili kujua ukubwa wake, wanagusa nguo za wachezaji, kamba, kiti, mchanga, kila kitu kitakachotumika. Wachezaji wanasema majina yao, kila mmoja kwa sauti yake, na wanagonga miguu yao. Nusu saa tu.

Pili, mwili. Mchezaji mmoja anachukua hatua tatu ao ine za mchezo na kuzifundisha kwa mkono. Baadaye, mwelezaji akisema «wanarudilia ile hatua ya bega», yule aliyekaa anaijua mu bega lake mwenyewe. Hapo anafuata kuliko wewe mwenye macho, uliyeiona tu ikipita.

Tatu, mwelezaji. Ni mtu mmoja mwenye sauti nzuri, aliyefika ku mazoezi mara kadhaa na kuandika maneno yake. Anaongea kwa mikro, na sauti inafika mu masikio ya wenye kuihitaji kwa vyombo vidogo. Kama vyombo havipo, anakaa kati ya kikundi kidogo na kuongea chini-chini. Ao mtunzi wa dansi mwenyewe anaamua maelezo yasikike na watu wote, yawe sehemu ya mchezo. Kwa maoni yetu, hii ya mwisho njo inayofaa Congo zaidi: hakuna chombo cha kununua, na hakuna mtu wa kutengwa.

Ine, wanaoona kidogo. Hawa wanasahauliwa mara mbili, juu si «vipofu» vya kutosha kwa huruma ya watu. Wao wanaomba kiti cha mbele, mwangaza wa kutosha mu ngazi, programu yenye herufi kubwa, na nguo za wachezaji zisizopotea ndani ya pazia nyeusi. Bei ya vitu hivi ni franka ngapi? Kiti cha mbele kiko tayari. Tatizo ni kwamba kimewekewa karatasi: «Mheshimiwa».

Tano, njia. Mu miji yetu moto inakupeleka bila kujali mashimo, na usiku umeme unakatika. Mtu asiyeona akialikwa saa moja usiku bila mtu wa kumusindikiza, hajaalikwa.

«Maneno yataua dansi»

Hili ni neno la wasanii, na tunaliheshimu kuliko yale mengine. Wanaogopa mtu atakayesimama pale na kutafsiri kila kitu: «Sasa mchezaji anaonyesha uchungu wa mama wa Congo.» Wako na haki ya kuogopa. Maelezo kama yale ni mabaya kabisa. Mwelezaji mzuri hasemi vile. Anasema: «Amesimama ku mguu mmoja. Mkono wa kuume unapanda polepole, ngumi imefungwa. Goti linatetemeka. Anaanguka. Wengine hawageuki.» Basi. Uchungu, msikilizaji atautafuta mwenyewe, sawa vile wewe unautafuta. Kazi ya mwelezaji ni kumpa mtu vifaa vya kufikiri. Na mahali ambapo miguu, pumzi ao kimya vinaongea vyenyewe, anafunga kinywa.

Tena tuongeze hili: msanii anayeshindwa kusema mchezaji wake anafanya nini, pengine hajajua bado. Kuandika maelezo kunamlazimisha kuangalia kazi yake upya.

Na maelezo yawe mu lugha ya watu: Kiswahili ku Bukavu, Goma na Lubumbashi, Lingala ku Kinshasa, zote mbili ku Kisangani. Kifaransa cha ofisi mu sikio la mama wa Mangobo ni kufunga mlango mara ya pili.

«Vita iko, njaa iko, munaongea dansi?»

Ndiyo, tunaongea dansi.

Kwanza, hakuna mtu hapa anayeomba festivali mpya ndani ya vita. Festivali iko tayari. Taa zimelipwa, afishi zimechapwa, vinywaji vya wageni vimenunuliwa. Tunachosema ni hiki: kile kinachofanyika na pesa ya wote kisifukuze sehemu ya watu. Kama pesa ya taa iko, pesa ya sauti moja nayo iko.

Pili, upofu nao ni siasa. Mu Congo kuna upofu wa mito. Nzi mweusi mdogo anazaa ku maji yanayoenda mbio, anauma watu, anawaingizia minyoo, na baada ya miaka macho yanazimika. Dawa yake iko, inaitwa Mectizan, na kampuni inayoitengeneza inaitoa bure tangu 1987. Inapashwa kufika ku kijiji kila mwaka. Barabara ikikufa, vita ikianza, mugawaji wa dawa akikosa hata baiskeli, mwaka unapita bila dawa. Mtu yule aliyepoteza macho juu Leta haikufika, leo Leta hiyohiyo inamwambia: sale hii si yako. Na mtoto wa jicho, unaoweza kuondolewa kwa operesheni fupi, unaacha wazee wengi mu giza kwa kukosa daktari na pesa. Njo maana hatutaki kusikia kama hili ni jambo la kando.

Tatu, dansi yetu ya kisasa inaongea nini? Inaongea vita, wafu, uhamisho, mito, miji iliyobomolewa. Juni 2000, siku sita, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya Kisangani. Mabomu yale hayakuuliza nani anaona na nani haoni. Wasioona walikimbia kama wengine, wakishikwa mkono. Historia ile ni yao. Leo inachezwa mbele yao, na hawajui inachezwa namna gani. Mtu aliyekuwepo mu kilio hawezi kufukuzwa mu matanga.

Ine, tunalijua hili neno «kwanza ile, kisha hii». Tumeambiwa vile juu ya maji, juu ya mishahara ya walimu, juu ya uchaguzi. Ile «kisha» haifikake.

Kwao haki, kwetu luksi?

Sasa tugeukie wafadhili. Mambo ya dansi ya kisasa mu Congo yanabebwa kwa sehemu kubwa na pesa ya inje: taasisi za utamaduni, balozi, mashirika ya Ulaya. Kwao, maelezo kwa sauti ni kitu kinachojulikana, kina wafanyakazi wake, kina mstari wake mu budjeti. Lakini tunapoangalia miradi yanayokuja kwetu, tunaona mstari wa taa, mstari wa hoteli, mstari wa picha, mstari wa kuchapa alama ya mfadhili ku tisheti. Mstari wa mtu asiyeona uko wapi? Kwao ni haki, kwetu imekuwa luksi?

Na sisi wenyewe tusijifiche nyuma ya Wazungu. Inchi hii inajua kupiga makofi kwa mwenye ulemavu akiwa ku jukwaa. Staff Benda Bilili walitoka mu barabara za Kinshasa, wakatoa albamu yao mwaka 2009, na mwaka 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa ku Cannes. Tulijivuna wote. Lakini sale ngapi, tangu wakati ule, zimefikiri juu ya yule mwenye ulemavu anayetaka tu kukaa na kufurahi kama watu wengine, bila kuwa shujaa, bila kuimba ili apewe nafasi?

Tunachodai

Kwa Leta: sheria ya 2022 isibaki ya kusherehekea tarehe 3 Desemba peke yake. Kila sale ya Leta, na kila festivali inayopokea franka moja ya Leta, iwe na mpango ulioandikwa wa kupokea wasioona na wanaoona kidogo. Na mpango huo ubandikwe wazi ili raia aufuatilie.

Kwa wafadhili: wekeni mstari huo mu budjeti kabla ya kusaini. Msiwaachie wasanii kuomba kama sadaka.

Kwa wenye kutayarisha festivali: anzeni na mchezo mmoja. Mmoja tu, lakini ufanywe vizuri. Tangazo lipite ku radio, juu asiyeona hasomi afishi. Na mulipe mwelezaji.

Kwa watunzi wa dansi na wachezaji: alikeni mtu asiyeona ku mazoezi, si siku ya mwisho, lakini wakati kazi bado inatafutwa. Mumusikilize akisema «hapa nimepotea». Naye alipwe kwa kazi yake. Wenye ulemavu wamesema tangu zamani: hakuna kitu juu yetu bila sisi. Hilo linahusu dansi pia.

Kwa ninyi vijana munaotufuata, mu Kisangani, Goma, Bukavu, Bunia, Lubumbashi, Kinshasa na mahali pote: kazi yenu haingojei waziri. Mukiona afishi, mupige simu ao muandike, muulize swali moja: «Mtu asiyeona akija, mumetayarisha nini?» Watu kumi wakiuliza, watakasirika. Watu mia wakiuliza, watatayarisha. Kisha mutafute ku mutaa wenu mtu asiyeona anayependa kutoka, mumuulize yeye kwanza anataka nini, na muende pamoja. Kaa kando yake. Mwambie unachokiona: nani amesimama, nani anaanguka, mkono unaenda wapi. Utakosea maneno, na atakuambia. Mtu wa nyuma akisema «shiiit!», mujibu kwa upole kama munatumikisha kipengele cha 46 cha Katiba.

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Sawa. Basi asiyeona aambiwe, kwa sauti, kwa lugha yake, kwa heshima, na ku kiti cha mbele.

Raia ni raia, hata taa zikizimwa.